Mwalimu na Askofu Aliyehama Upande

Kanisani kwetu, mjini Saint Paul, Marekani, kulikuwa na askofu mmoja aliyekufa zaidi ya miaka elfu moja na mia tano iliyopita, na bado alikuwa akituchelewesha kula. Wali umeiva, sambusa zimefunikwa, watoto wamenuna, na sisi watu wazima tumekaa tukisikiliza jinsi askofu huyo alivyofunga safari kwenda mkutanoni. Aliyekuwa akimleta kila Jumapili ni mzee mmoja Mkongo tuliyemwita Mwalimu. Jina lake nalijua, na ukoo wake nilisimuliwa mpaka nikasinzia, lakini hayo nawaachia wanawe. Siku hizi yeye na mkewe wanaishi kwa binti yao, jimbo la mbali lisilo na theluji, na nina hakika huko nako kuna watu wanaokula kwa kuchelewa.

Kwao Uvira alifundisha historia ya kanisa kwenye chuo kidogo cha Biblia. Kisha vikaja vita, ikafuata miaka ya kambini Tanzania, halafu Minnesota. Hapa, siku za wiki alifunga vifurushi kwenye ghala moja huko Eagan, na Jumapili baada ya ibada alishika darasa la watu wazima. Darasa lilikuwa na mpango uliotungwa na mchungaji, na Mwalimu aliuheshimu sana mpango huo. Alisoma andiko la siku, akamsifu mchungaji kwa kuchagua vizuri, akaomba, akakohoa, na kabla hujajua kilichotokea mko Kalkedonia.

Kalkedonia, kwa ambaye hakupita mikononi mwake, ulikuwa mji ng'ambo ya Konstantinopoli, makao ya mfalme wa Bizanti. Katika karne ya tano mamia ya maaskofu waliitwa huko kwenye mtaguso, yaani mkutano mkuu wa kanisa, wamalize ugomvi uliokuwa unawaka kila mahali: Kristo ni Mungu na ni mtu kwa namna gani? Miongoni mwao alikuwepo askofu wa kimji fulani cha Palestina. Mwalimu hakukubali kamwe kututajia jina lake.

"Nikiwapa jina mtamfanya mtakatifu," alisema. "Mtakatifu anafanya miujiza. Huyu alihudhuria, c'est tout, basi."

Kwa kweli yaliyojulikana juu ya huyo askofu yangejaa kwenye kiganja. Alikwenda. Aliketi upande mmoja wa kanisa pamoja na wenzake wa Palestina, na upande wa pili wakaketi wapinzani wao, huku wakubwa wa serikali ya mfalme wakiwa katikati. Mkutano ulipopamba moto, Wapalestina wakainuka, wakavuka katikati, wakaketi na wale waliokuwa wanagombana nao. Naye akavuka. Yaliyobaki yote ni chumvi ya Mwalimu, na Mwalimu hakuwa na mkono mwepesi kwenye chumvi.

Mwaka mmoja askofu alisafiri kwa punda. Mwaka uliofuata akapanda meli, akatapika njia nzima. Tulikuwa na shemasi mmoja, Mkenya mwenzangu, mfamasia, mtu wa kupanga vitu na kuangalia saa, na yeye hakuweza kunyamaza.

"Mwalimu, si mwaka jana alikuwa na punda?"

"Punda alikufa."

"Alikufa lini?"

"Shemasi, wewe unauza dawa. Punda mwenyewe hakupata dawa. Tuendelee."

Tulivunjika mbavu. Siku nyingine Shemasi alipekua simu yake palepale darasani akatangaza kwamba aliyeinuka kwanza siku ile alikuwa mkubwa wao, askofu wa Yerusalemu, si huyu wa kimji. Mwalimu alikuwa ameshikilia miaka yote kwamba askofu wake ndiye aliyetangulia na wengine wakamfuata. Hakutikisika hata kidogo. Alimtazama Shemasi kwa huruma, akamuuliza, "Na huyo mkubwa, unafikiri alikuwa amekaa karibu na nani?" Ukweli uliomfaa aliuheshimu, na usiomfaa aliukaribisha kiti akauacha hapo. Shemasi alichukia jambo hilo, lakini ndiye aliyekaa mbele kila Jumapili.

Msinielewe vibaya, hakuwa mzee wa upole. Alifundisha amani kwa kupiga kelele. Aliposhindwa kwenye dama alisukuma ubao na kusema taa za ukumbi ni hafifu. Akipewa uenyekiti wa kikao chochote, hata cha kupanga nani alete soda, alizungumza mwanzo, katikati na mwisho, kisha akalalamika kwamba watu hawatoi maoni. Alifunga kila Ijumaa kwa ajili ya amani ya Kongo, na saa kumi na mbili jioni alifungulia kwa mandazi ya kutosha familia. Mimi ni nesi, nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, na sukari yake nilikuwa naifuatilia kwa nguvu kuliko mtoto wake yeyote. Nikimkuta anazamisha kijiko kwenye bakuli la sukari kwa mara nyingine, namkazia macho.

"Ma fille, binti yangu," ananiambia, "hii sukari ndiyo inanisemesha."

"Basi Mwalimu, utasema mpaka upoteze mguu."

"Mguu mmoja unatosha kuhudhuria."

Alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wenye viti vyao. Kwenye kanisa lolote mnajuana: huyu anakaa karibu na nguzo, yule karibu na hita. Mwalimu hakuwa na mahali. Kila Jumapili alikaa sehemu tofauti, akamwomba mtu asogee, na kabla ibada haijaanza amekwisha kujua mtoto wa huyo mtu anasoma wapi na mgongo wa huyo mtu unaumia upande gani. Alipanda ile treni mpya inayounganisha mji wetu na mji jirani kwenda Cedar-Riverside, mtaa wa Wasomali, kununua majani ya chai kwa Msomali mmoja aliyeishi Nairobi zamani, akarudi jioni na majani kidogo na habari za ukoo mzima wa muuzaji. Mkewe alisema akimtuma chumvi analetewa ndugu.

Mkewe huyo aliitwa Mama Kwaya na kila mtu, kwa sababu aliongoza kwaya kubwa. Nitamfikia.

Kwanza lazima niseme habari za igizo. Krismasi moja kamati ilimkabidhi Mwalimu mchezo wa watoto, kosa ambalo halikurudiwa. Wazazi walikuja na simu mikononi wakitegemea wachungaji wa kondoo na nyota ya karatasi. Wakakuta viti vimepangwa pande mbili vikitazamana, na watoto wao wamevikwa mablanketi na mapazia ya bafuni, wote maaskofu. Mimi nilipewa cheo cha mkuu wa serikali ya mfalme, kazi yangu kuwaambia maaskofu waache makelele yasiyowafaa watu wa Mungu. Mwalimu aliapa kwamba sehemu hiyo ni ya kweli kabisa, na safari hiyo hata Shemasi alikubali.

Binti mmoja wa darasa la sita alinyanyua mkono chini ya pazia lake. "Wait, so who's the bad guy?"

"Hakuna," Mwalimu akamjibu. "Ndiyo sababu ilikuwa ngumu."

Askofu wa kimji Mwalimu alimwigiza mwenyewe, hakumwamini mtoto yeyote. Ilipofika zamu yake aliinuka, akakusanya blanketi lake na kuanza kuvuka, polepole, ukumbi wote kimya. Mama Kwaya alikuwa amekalishwa upande wa Wapalestina kujaza nafasi. Bila kuandikiwa neno lolote alipaza sauti, akimwita mumewe kwa jina la nyumbani, "Papa, rudi hapa!" Watu walicheka mpaka mchungaji akafuta machozi. Mwalimu hakucheka. Aliketi upande wa pili, akaueleza umati uliokuwa unajifuta macho kwamba mtaguso ule uliamua jambo zuri kuliko yote: kwamba umungu na ubinadamu ndani ya Kristo havikuchanganywa vikawa uji, wala havikutenganishwa vikawa viwili. Viko pamoja, kila kimoja kikiwa bado chenyewe. Kisha akasema, "Na sisi je?" na akatuachia tule.

Alikuwa na sababu ya kuuliza. Kanisa letu lilikuwa nusu Wakongo, nusu Wakenya, na lilikuwa linapasuka, na kilichokuwa kinalipasua ni kwaya.

Wakongo walikuwa na kwaya nne: ya wamama, ya vijana, ya wababa, na hiyo kubwa ya Mama Kwaya. Kwao kwaya ambayo haikuimba Jumapili imefukuzwa, hakuna lugha nyingine. Kwa hiyo zote ziliimba, na nyimbo zao zina mlango wa kuingilia lakini sijawahi kuona wa kutokea. Sisi Wakenya wengi tulikuwa manesi na wasaidizi wa wagonjwa, na shifti ya jioni inaanza saa tisa. Ikifika saa saba na nusu tunaanza kuinuka mmoja mmoja, tunainama kidogo kama adabu, tunatoka. Kwaya ya tatu ikawa inaimbia migongo yetu. Kwao hilo lilikuwa tusi la waziwazi. Kwetu lilikuwa kodi ya nyumba.

Maneno yakaanza. Wao wakasema Wakenya wanamwabudu Mungu wakiwa wamevaa sare za kazini, jambo ambalo lilikuwa kweli. Sisi tukasema Wakongo wanafikiri Mungu hasikii mara ya kwanza. Shemasi akatutafutia ukumbi wa kupanga kule Oakdale, mji wa jirani, wenye maegesho mazuri, ikiwa tutahama.

Wakati huo ndipo nilipojua Mwalimu anaogopa nini. Nilikuwa nampima sukari jikoni mwa kanisa, watu wamekwisha kuondoka. Aliniambia kambini kanisa lao liligawanyika kwa ajili ya ngoma, nani akae nayo. Pande mbili zikajenga vibanda vinavyotazamana, kila upande ukiomba kwa sauti ya juu ili kuufunika mwingine. Mdogo wake wa tumbo moja alikuwa kule upande wa pili. Waliacha kusalimiana. Mdogo wake akaugua, akafa, na Mwalimu akapata habari kwa kusikia kilio kutoka kibanda cha pili.

"Tulipata ngoma," alisema. "Mimi nilibaki na ngoma."

Nilimshika mkono ambao tayari nilikuwa nimeushika.

Kikao cha kuamua kiliitishwa majira ya kuchipua, theluji ikiwa bado imelundikana pembeni mwa maegesho. Hakuna aliyepanga viti, lakini Wakongo walijikuta wote upande wa jikoni na Wakenya wote upande wa mlango, mchungaji katikati anajipangusa jasho. Mezani kulikuwa na pendekezo moja la mwisho: kwaya mbili ziimbe kila Jumapili, kwa zamu. Wakongo walilikataa kwa mlio mmoja. Wakenya wakapiga makofi kwa kejeli. Mtu akafufua ugomvi wa zamani wa chakula cha Pasaka, na hapo ikawa kila mtu anasema na hakuna anayesikia.

Mwalimu akainuka upande wa jikoni. Akavuta suruali yake juu, akavuka katikati mbele ya mchungaji, akaja kukaa karibu nami.

Nilisikia hita ikivuma. Mama Kwaya, ambaye kwaya yake ndiyo iliyokuwa inajadiliwa, alisema kwa sauti ndogo, "Papa, unaenda wapi?"

"Naenda kukaa," alisema. Kisha akawageukia watu wake. "Hawa wakitoka, wanakwenda kuwageuza wazee kitandani. Mungu anasikia kwaya, mais anasikia na kengele ya mgonjwa. Tuwapunguzie wimbo mmoja. Wimbo mmoja tu, batu ba kwetu."

Akasubiri. Nilimwona jinsi anavyosubiri, shingo imenyooka, macho yakitoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Alikuwa amejifundisha mwenyewe, miaka yote ile, kwamba mmoja akivuka wengine wanamfuata. Alikuwa na hakika kabisa. Hakuna aliyenyanyuka.

Mabaya zaidi, kuvuka kwake ndiko kulikomaliza kazi. Wakongo walisema Wakenya wamemnunua mzee kwa mandazi, na kama wanaweza kuwachukulia mwalimu wao basi waende zao. Na sisi tulifurahi, nasema kweli, tulifurahi kwamba hata Mkongo mwenye busara yuko upande wetu. Shemasi akasimama akasema, "Mnaona? Even Mwalimu!" Kura ikapigwa palepale. Mwezi uliofuata sisi Wakenya tulikuwa Oakdale.

Jumapili ya kwanza kule, Mwalimu alitokea akiwa na tai. Nilimuuliza nyumbani kukoje. Aliniambia kwamba kule Palestina, maaskofu waliohama upande walipokelewa na watawa wenye hasira waliowafukuza mpaka mtaani. "Watu wanafikiri kazi ni kuvuka," alisema. "Kazi ni kurudi nyumbani. Watawa wangu wako jikoni." Mama Kwaya alikuwa anampikia kila siku, anaiweka sahani mezani, anaondoka bila neno. Ilichukua wiki nyingi mpaka alipomsemesha, na neno lenyewe lilikuwa "Chumvi hiyo."

Oakdale kulitufaa. Ibada saa nne, saa tano na nusu tumesema amina, chai, watu kazini. Naipenda ibada fupi mpaka leo na sitamwomba mtu msamaha kwa hilo. Mwalimu alikuja kila Jumapili, akakaa leo hapa kesho pale. Lakini darasa hakulishika tena, na chai hakunywa. Baraka ikitolewa, amekwisha toka. Tulisema mzee amekuwa na maringo. Wengine walisema ana aibu kwa sababu alitusaidia tukatoka. Mimi nilisema sukari imemshinda, anakwepa macho yangu. Tukaendelea hivyo zaidi ya mwaka.

Jumapili moja ya Januari, mwaka wa pili wetu kule, sikuwa na shifti. Baridi ilikuwa ile ya kukausha macho. Natoka maegeshoni, naona mtu amesimama peke yake kwenye kituo cha basi, kofia imeshuka mpaka kwenye miwani, anapiga miguu chini. Nikasimamisha gari.

"Mwalimu! Ingia haraka, utakufa hapo. Mbona husemi mtu akupeleke?"

Hakuwahi kujifunza kuendesha, alisema magari ya hapa yanakimbia kama yamekasirika. Aliingia, akaweka mikono kwenye hewa ya moto, akashusha pumzi.

"Nakupeleka nyumbani?"

"Hapana. Kanisani."

"Mwalimu, si tumetoka kanisani sasa hivi?"

"Hilo lilikuwa la asubuhi." Akaangalia saa ya gari. "Kule kwetu sasa ndio kwanza wanamaliza matangazo. Nikifika, kwaya ya pili inaingia. Sikosi kitu, ma fille. Wakongo wana baraka hiyo, huwezi kuchelewa."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Tangu tulipohama alikuwa akifanya hivyo kila Jumapili, asubuhi kwetu, mchana kwao, mabasi mawili katikati, kwenye joto na kwenye barafu. Sisi tulikuwa tunamsema kwa maringo naye amesimama kituoni.

"Kwa nini hukutuambia?"

"Mngeniambia nichague." Alivua miwani iliyokuwa imeingia ukungu, akaifuta kwa tai. "Kule wananiuliza Wakenya hawajambo? Nasema hawajambo, wanawasalimu. Fulani amejifungua, fulani amehamia Eagan, yule dada nesi anawasalimu sana."

"Mimi?"

"Kila Jumapili."

"Mwalimu, mimi sijakutuma salamu hata siku moja."

"Najua. Unanipa taabu sana. Nadanganya nyumbani mwa Bwana kwa ajili yako." Akavaa miwani. "Mama anauliza kama siku hizi unapata muda wa kula."

Niliendesha mpaka tukaingia Saint Paul. Mama Kwaya sikuwa nimemwona tangu siku ya kura. Nilisimamisha gari mbele ya mlango ule wa pembeni ninaoujua, sikuzima injini. Mwalimu alifungua mlango, akashusha mguu mmoja, akabaki hivyo, baridi yote inaingia.

"Leo jisalimie mwenyewe," alisema. "Miye nimechoka."

Ukumbi ulikuwa umejaa na joto lake lilikuwa lilelile la pumzi za watu na pilau jikoni. Kwaya ya vijana ilikuwa inaimba. Nilitaka kusimama nyuma karibu na mlango, lakini wamama wa kiti cha mwisho wakasogea kabla sijawaomba, mmoja akaniwekea mtoto wake mapajani ili apate nafasi ya mkoba. Mwalimu alikwenda mbele, akajipenyeza katikati ya watu wawili, akamsemesha mmoja.

Wimbo ulipoisha, baadaye sana, Mama Kwaya akachukua kipaza sauti. Alikuwa amepungua kidogo. Akanitazama moja kwa moja.

"Kanisa," alisema, "yule dada yetu nesi, ambaye Papa anatuletea salamu zake kila Jumapili. Hajakosa hata moja. Batu wengine walitusahau, yeye hapana. Leo amekuja mwenyewe."

Watu wote wakageuka. Wakapiga makofi, wengine wakasimama, mama mmoja akapiga vigelegele. Nikamtafuta Mwalimu kwa macho anisaidie. Alikuwa ameinamisha kichwa, anajitia kuomba.

"Dada, useme neno," Mama Kwaya akasema, na kipaza sauti kikapitishwa mkono kwa mkono mpaka kikanifikia.

Nikasimama na mtoto wa watu kifuani. Nikasema nawasalimu. Nikasema nawasalimu wote kutoka Oakdale, na kwamba nakula, namshukuru Mungu. Hapo ningeweza kukaa. Lakini walikuwa bado wananitazama, wakisubiri, na nikasikia sauti yangu inaendelea: Shemasi anawasalimu. Anawasalimu sana. Anawakumbuka kila siku. Na mkewe, na wale manesi wote wa shifti ya jioni, wote, kwa majina yao, na nikaanza kuyataja majina.